Je, Chakula Peke Yake Kinaweza Kujenga Misuli Bila Mazoezi? Mwongozo Kamili

Swali hili huulizwa na watu wa aina mbili. Kuna kijana mwembamba anayetaka kifua na mikono ijae, lakini hana nafasi wala hamu ya kwenda jim. Na kuna mtu mzima ambaye magoti yanamuuma, au ametoka kuugua, anaona mapaja yamepwaya ndani ya suruali na anauliza ale nini yarudi kama zamani. Wote wawili wanastahili kuambiwa ukweli, maana ndio hasa wanaouziwa makopo ya unga kwa ahadi ambazo hazitimii.

Ukweli ni huu: kwa mtu mzima mwenye afya ambaye tayari anakula vya kutosha, chakula peke yake hakijengi misuli ya maana. Atakachopata akizidisha kula ni uzito, na sehemu kubwa yake itakuwa mafuta. Lakini wapo watu ambao chakula kweli huwarudishia misuli iliyopotea, na zipo hali ambazo kula vizuri ndiko kunakochelewesha misuli kuisha. Kwa hiyo kabla ya kupanga sahani yako, inabidi ujue uko upande gani.

Mambo yanavyokwenda ndani ya msuli

Msuli hautulii. Usiku na mchana mwili unavunja protini zake zilizochakaa na kutengeneza mpya. Ukitengeneza kuliko unavyovunja, msuli unakua. Ukivunja kuliko unavyotengeneza, unasinyaa. Kwa mtu anayekula vizuri na kuishi maisha yake ya kawaida, pande hizo mbili hulingana, ndiyo sababu mikono yako mwaka huu inafanana na ya mwaka jana.

Ukila mlo wenye protini, tumbo huivunja kuwa asidi amino, nazo huingia kwenye damu. Mojawapo, lusini, ndiyo huuamsha msuli uanze kutengeneza protini mpya. Kazi hiyo hupanda kwa saa chache, kisha hushuka, na hushuka hata kama asidi amino bado zimejaa kwenye damu. Msuli ukishapata kiasi chake, hauchukui zaidi. Protini inayobaki mwili huitumia kama nishati, na naitrojeni yake hutoka kwa mkojo. Hapo ndipo mpango wa kula mayai kumi kwa siku huku umekaa kitini unapokwama: mayai yanafika, lakini msuli hauna sababu ya kuyahitaji yote.

Mzigo ndio unaobadilisha hali hiyo. Msuli ukivuta au kusukuma kitu kizito mpaka ukakaribia kushindwa, unabaki na njaa ya protini kwa saa 24 hadi 48 hivi. Mlo uleule ambao jana ungeishia kuwa nishati tu, leo sehemu yake kubwa zaidi inaingia kwenye nyuzi za msuli.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote katika jambo hili haukuwahusu vijana wa jim. Ulichapishwa Marekani mwaka 1994 na kuwahusisha wazee 100 dhaifu waliokuwa wakiishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, umri wao wa wastani miaka 87. Waligawanywa makundi manne: mazoezi ya kunyanyua uzito, kinywaji cha lishe, vyote viwili, au bila hata kimoja kati ya hivyo. Baada ya wiki 10, nguvu za misuli za waliofanya mazoezi zilikuwa zimepanda kwa asilimia 113. Za wasiofanya zilipanda kwa asilimia 3. Misuli ya paja ya waliofanya mazoezi ilinenepa kwa asilimia 2.7, ya wengine ikasinyaa kwa asilimia 1.8. Kinywaji peke yake hakikuleta badiliko. Tena, ni wale tu waliokunywa na pia kufanya mazoezi ambao jumla ya chakula chao cha siku iliongezeka kweli. Anayetaka kumsaidia mzazi wake kwa kumnunulia kopo la lishe na kumwacha kitandani, akumbuke hilo.

Hatua ya 1: Jua uko kundi gani

Chakula peke yake kinaweza kukurudishia misuli kama umepungua kwa njaa, utapiamlo, ugonjwa wa muda mrefu, au kwa kujinyima chakula ili upungue. Mwili ulikuwa umekula misuli yake wenyewe ili uishi. Ukipata nishati na protini, unarudisha sehemu kubwa ya ulichokopa. Watoto na vijana wanaobalehe pia wanaongezeka misuli kwa chakula, kwa sababu homoni zao za ukuaji zimeshatoa amri. Lakini hata hawa, chakula pamoja na kutembea na kubeba vitu huwafaa kuliko chakula cha kitandani.

Dalili kwamba wewe ni wa kundi hili ni rahisi kuziona: umepungua uzito bila kupanga katika miezi ya karibuni, nguo zimekuwa kubwa, unakula mlo mmoja au miwili midogo, nyama, mayai, samaki, maziwa au jamii ya kunde huvioni kwa siku nzima. Kupungua uzito bila sababu inayoeleweka ni jambo la kumwona daktari kwanza. Usilitibu kwa sahani.

Ukiwa umezidi miaka 40 na hufanyi kazi za sulubu, uko kundi jingine. Misuli hupungua taratibu kadiri umri unavyokwenda, na mwili wa mtu mzima huitikia protini kwa uvivu zaidi kuliko wa kijana. Kwako wewe chakula kinapunguza kasi ya kupotea, lakini hakijengi.

Wengine wote, yaani watu wazima wenye afya wanaokula wakashiba, wapite moja kwa moja hadi hatua ya 5 kwa moyo mkunjufu, kisha warudi hapa kupanga chakula.

Hatua ya 2: Hesabu protini yako

Kiwango cha chini kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Hicho ni kiwango cha kuzuia upungufu. Wazee hushauriwa gramu 1.0 hadi 1.2. Anayefanya mazoezi ya nguvu akitaka misuli ikue, uchambuzi uliojumlisha tafiti 49 na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba faida hukoma karibu na gramu 1.6 kwa kilo. Kuzidisha hapo kwa watu wengi ni kutupa chakula kizuri.

Kwa mtu wa kilo 65 anayefanya mazoezi, 65 mara 1.6 ni gramu 104. Zitatoka wapi? Mayai matatu, gramu 18. Glasi moja ya maziwa ya mililita 250, gramu 8. Gramu 150 za maharage yaliyopikwa, kama gramu 13. Kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 120, kama gramu 26. Kidari cha kuku kilichopikwa cha gramu 130, kama gramu 40. Jumla ni gramu 105, na hakuna kopo lolote la unga lililofunguliwa.

Angalia kosa linalofanywa mara nyingi hapa: gramu 130 za kuku si gramu 130 za protini. Nyama ina maji na mafuta pia. Na gramu 100 za maharage makavu zina protini nyingi kuliko gramu 100 za maharage yaliyopikwa, kwa kuwa yakipikwa hunywa maji. Ukisoma jedwali lolote la vyakula, tazama kwanza kama limeandika kibichi au kilichopikwa.

Asiyekula nyama anaweza kufika pia. Changanya jamii ya kunde na nafaka, tumia soya, karanga na mbegu, na ongeza kiasi kidogo juu ya hesabu yako, kwa kuwa protini ya mimea humeng'enywa kwa taabu zaidi na mingi ina lusini kidogo.

Hatua ya 3: Kula nishati ya kutosha, usifurike

Mwili wenye njaa ya nishati huchoma protini ili upate moto, kwa hiyo mtu mwembamba anayekula mayai mengi na kuacha wanga anajihujumu. Ongeza kalori 300 hadi 500 kwa siku juu ya unazokula sasa: sahani ya wanga iliyojaa zaidi kidogo, kiganja cha karanga, glasi ya maziwa.

Ukizidisha zaidi ya hapo, jifunze kwa waliojaribu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, watu 25 walilishwa kwa makusudi karibu kalori 950 za ziada kila siku kwa wiki 8, bila programu ya mazoezi. Wote walinenepa, na mafuta waliyoongeza yalikaribiana, awe amekula protini kidogo au nyingi. Waliokula protini kidogo sana walipoteza gramu 700 za uzito usio mafuta. Waliokula ya kawaida waliongeza kilo 2.87, na waliokula nyingi kilo 3.18.

Hizo kilo tatu ndizo wauzaji hupenda kuzishika. Zisome vizuri. Uzito usio mafuta si misuli peke yake: ndani yake mna maji, ini, utumbo, damu. Mwili ukinenepa, viungo vya ndani navyo huongezeka. Halafu linganisha kundi la pili na la tatu. Protini iliongezwa sana, tofauti ikawa gramu 310 tu.

Hatua ya 4: Igawe kwenye milo

Kwa kuwa msuli una kiasi chake kwa kila mlo, gawanya protini yako mara tatu au nne. Gramu 20 hadi 40 kwa mlo zinatosha wengi, na wazee wasogee upande wa juu. Mlo unaosahaulika ni wa asubuhi: chai na mkate vina protini kidogo mno, na msuli umefunga usiku kucha. Mayai mawili na glasi ya maziwa asubuhi hubadilisha siku nzima. Usijitese na saa. Kula dakika hii au saa mbili baada ya mazoezi, tofauti ni ndogo mno kukukosesha usingizi.

Hatua ya 5: Upe msuli sababu

Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu zaidi, kwa sababu wengi wanaosema "bila mazoezi" wanakusudia "bila jim". Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Msuli haujui kama unasukuma chuma, ukuta au mwili wako mwenyewe. Unajua tu kwamba kazi imekaribia kuushinda. Tafiti zimeonyesha kuwa hata mzigo mwepesi, wa asilimia 30 ya ule wa juu kabisa unaoweza kuunyanyua mara moja, hukuza misuli kama mzito, mradi uurudie mpaka ushindwe au ukaribie sana kushindwa kuendelea. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Siku mbili. Dakika 20 hadi 30 kila moja.

Anza na kiti. Chagua kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani. Kaa ukingoni, nyayo zote mbili chini, upana wa mabega, visigino vikiwa nyuma kidogo ya magoti. Kunja mikono kifuani. Inamisha kifua mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha sukuma sakafu kwa visigino na usimame wima. Sasa shuka, na kushuka ndiko kwenye kazi: hesabu moja, mbili, tatu kabla makalio hayajagusa kiti. Usijiangushe. Ukiguse tu, usimame tena. Utasikia mapaja yakiwaka kuanzia mara ya nane au ya kumi, na wengine mara ya tano. Huo moto kwenye nyama ya paja ni sawa. Maumivu makali ndani ya goti si sawa, ongeza mto juu ya kiti ili usishuke sana.

Fanya seti tatu, yaani mizunguko mitatu ya marudio mfululizo, ukipumzika dakika mbili katikati. Ukifika 15 bila taabu, ondoa kiti uchuchumae mwenyewe. Hilo nalo likiwa jepesi, vaa begi mgongoni lenye vitabu au chupa za maji.

Kwa kifua na mikono, piga pushapu. Usiyeweza za sakafuni, simama mbele ya ukuta, baadaye tumia meza imara, baadaye ngazi ya chini, kisha sakafu. Kila unaposhusha mikono, mzigo unaongezeka. Kwa mgongo, inama ukiwa umenyoosha mgongo, ushike begi zito kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeegemea kiti, uvute begi kuelekea kiunoni. Kwa makalio, lala chali, kunja magoti, nyanyua nyonga.

Mazoezi manne hayo, seti tatu kila moja, mara mbili kwa wiki. Ya kwanza yatakuacha umekakamaa kwa siku mbili hivi, na hiyo huisha kadiri mwili unavyozoea. La muhimu ni kwamba kazi iendelee kuwa ngumu. Anayepiga pushapu kumi zilezile kwa mwaka mzima ameuzoesha msuli kubaki ulivyo.

Kutembea ni kuzuri kwa moyo na sukari, na kwa mtu aliyedhoofika sana hata kutembea ni mzigo. Kwa mwenye afya hakutoshi kukuza misuli.

Lala kwa muda wa saa saba hadi tisa kila usiku.

Hatua ya 6: Pima vitu vinavyosema kweli

Mizani hudanganya mapema. Ukiongeza wanga, misuli na ini huweka akiba ya glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa, na kila gramu moja ya glaikojeni huhifadhiwa na kama gramu tatu za maji. Kilo moja au mbili zinaweza kuonekana ndani ya siku chache, mikono ikajaa kidogo, na mtu akaamini unga alionunua unafanya kazi. Ni maji. Mizani zinazodai kupima misuli kwa umeme miguuni nazo huyumbishwa na maji hayohayo.

Tumia vitu vitatu. Futi kamba kwenye mkono, paja na kiuno, asubuhi kabla ya kula, kila baada ya wiki nne: kiuno kikiongezeka haraka kuliko paja, unaongeza mafuta. Idadi ya marudio: hesabu mara ngapi unainuka kitini kwa sekunde 30, andika. Na picha kwenye mwanga uleule. Nguvu huja kwanza, wiki ya pili au ya tatu, kwa kuwa mishipa ya fahamu hujifunza kuuamsha msuli. Kukua kwenyewe huonekana baada ya wiki nane na kuendelea. Usikate tamaa kabla.

Kama kweli huwezi kufanya mazoezi

Uliyevunjika mguu, uliyefanyiwa upasuaji, unayelala kitandani, hii ni yako. Umeona mguu unapotolewa kwenye plasta: ngozi imekauka, shavu la mguu limekuwa jembamba kuliko la mguu wa pili, wakati mtu huyohuyo alikuwa anakula chakula kilekile na mkono wake haukusinyaa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, wazee 12 wenye afya walilala kitandani siku 10 wakila protini ya kiwango kinachoshauriwa, na wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Wanaanga nao hula kwa mpango maalumu, lakini katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu hutengewa kama saa mbili kila siku za mazoezi, maana kule hakuna uzito wa kuipa miguu kazi.

Kwa hiyo lengo lako ni kupunguza hasara. Kama huna tatizo la figo, kula gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo, usikubali mlo upite bila protini, na usijinyime chakula kwa hofu ya kunenepa wakati huu. Kaza misuli bila kusogeza kiungo: kaza paja, shikilia sekunde tano, legeza, mara kumi, kadiri daktari alivyoruhusu. Mguu mzima na mikono vifanyiwe kazi palepale kitandani. Muulize mtaalamu wa fiziotherapia kuhusu mashine ya kustua misuli kwa umeme, hutumika kwa wagonjwa wasioweza kujisogeza. Na faraja iko hapa: misuli iliyowahi kuwepo hurudi haraka kuliko ilivyojengwa mara ya kwanza.

Unga, kreatini na sindano

Unga wa protini ni chakula kilichokaushwa. Humsaidia asiyefikisha hesabu yake, hauongezi kitu kwa anayefikisha. Kreatini, kirutubisho cha unga kinachosaidia misuli kupata nishati ya haraka, gramu 3 hadi 5 kwa siku, ina ushahidi mzuri kwa anayefanya mazoezi. Kwa asiyefanya, huongeza zaidi maji ndani ya misuli.

Kinachoweza kumkuza mtu aliyekaa ni homoni. Jaribio la mwaka 1996 lilithibitisha kwamba wanaume waliodungwa testosteroni nyingi kwa wiki 10 waliongeza misuli hata bila mazoezi. Hilo lilifanywa chini ya uangalizi wa madaktari. Mtaani dawa za jamii hiyo huzima korodani zisitengeneze homoni zake, hupunguza mbegu za kiume, huharibu mafuta ya damu na kuuumiza moyo. Ukiambiwa kuna kidonge au unga wa "asili" unaotoa misuli kwa wiki mbili ukiwa umekaa, ama hakuna kitu ndani yake, ama ndani yake mna kitu ambacho hakikuandikwa kwenye kopo.

Mwenye ugonjwa wa figo asipandishe protini kabla ya kuonana na daktari wake, na mwenye kisukari anayetumia dawa za kushusha sukari apime sukari kabla na baada ya mazoezi ya siku za mwanzo, kwa kuwa misuli ikianza kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu na dozi yake inaweza kuhitaji kupunguzwa.